Musoma, Bunda, Butiama: Mara inavyofundisha kutua mzigo wa mawazo

Musoma. Kabla hakujapambazuka vizuri, mwalo wa Mwigobero huwa umeshaamka. Boti za abiria zinajiandaa kuvuka kwenda Kinesi, upande wa Rorya. Wavuvi waliokesha ziwani wanashusha dagaa. Kina mama wenye ndoo na mabeseni wanauliza bei ya siku huku wakitazama mawingu, maana mvua ikinyesha dagaa hawakauki, na dagaa wasipokauka hela imepotea.

Mgeni akisimama hapo nusu saa atasikia salamu nyingi.

“Habari za asubuhi, mama?”

“Nzuri.”

“Watoto hawajambo?”

“Hawajambo.”

“Na biashara?”

Hapo ndipo jibu hubadilika. “Ah, mawazo tu, mwanangu.”

Neno hilo mtu hulisikia Musoma, hulisikia Bunda na hulisikia Butiama, miji mitatu ya Mkoa wa Mara ambayo msafiri anaweza kuipita yote kwa siku moja. Kila mji una mawazo yake. Musoma kuna ziwa na marejesho ya mikopo. Bunda kuna tembo wanaoingia mashambani usiku. Butiama kuna uwanja wenye makaburi, bao na kumbukumbu za mtu aliyebeba nchi nzima. Pote watatu, anayetazama kwa makini ataona pia namna watu wanavyojua kuutua mzigo, au wanavyosahau kuutua.

Kwa mzazi mwenye kazi, watoto wa shule na madeni, safari hiyo ina somo.

Kuwa na mawazo ni nini?

Kwa Kiswahili cha kawaida, “ana mawazo” haina maana kwamba mtu anafikiri vizuri. Maana yake ni kwamba kuna jambo limemkalia kichwani na halitoki. Zimbabwe, Washona wana neno lao, kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi, na wahudumu wa afya wa huko hulitumia kuzungumza na wagonjwa kuhusu sonona na wasiwasi. Wataalamu wetu huita msongo wa mawazo.

Msongo wenyewe si ugonjwa. Ni kengele ya mwili. Mvuvi akiona wimbi kubwa linakuja, ubongo hutoa amri, homoni za adrenalini na kotisoli huingia kwenye damu, moyo hukimbia, misuli hukaza na macho hufunguka. Bila kengele hiyo asingefika ufukweni. Mwanafunzi naye huhitaji kidogo ya hofu hiyo ili afungue daftari.

Tatizo huanza kengele inapolia mchana na usiku bila kuzimwa. Usingizi hupungua. Kichwa na mgongo huuma, tumbo huvurugika, shinikizo la damu hupanda. Mtu husahau alichotumwa, hukasirikia watoto kwa jambo dogo, huacha kula au hula bila kushiba. Wengine hukimbilia pombe, ambayo humlaza mtu haraka kisha ikamharibia usingizi wake kabla ya alfajiri.

Hali hiyo ikidumu inaweza kufungua mlango wa sonona na ugonjwa wa wasiwasi. Shirika la Afya Duniani, WHO, linakadiria kuwa magonjwa hayo mawili huipotezea dunia siku za kazi bilioni 12 kila mwaka. Shirika hilo pia linasema zaidi ya watu 700,000 hufa kwa kujiua kila mwaka, na kwamba kujiua ni miongoni mwa sababu kubwa za vifo vya vijana wa umri wa miaka 15 hadi 29.

Serikali imezoea kuzungumzia kumtua mama ndoo kichwani. Ndoo ya maji inaonekana, na jirani akiiona husaidia kuitua. Mzigo wa mawazo hauonekani, ndiyo maana wengi hufika nao hospitali ukiwa umeshawalemea.

Musoma: mbalamwezi na siku ya marejesho

Uvuvi wa dagaa una kalenda yake, na kalenda hiyo ni mwezi. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa. Usiku wa giza, mwanga wa taa huwavuta dagaa wakasogea karibu na nyavu. Mbalamwezi ikiwaka ziwa zima huwa na mwanga na taa haivuti kitu, kwa hiyo wavuvi hupumzika. Hushona nyavu, huziba mitumbwi, hulala usiku kama watu wengine, huonana na wake na watoto wao.

Hakuna mvuvi anayeona aibu kwa kupumzika siku hizo, wala jirani anayemwita mvivu. Pumziko limepangwa ndani ya kazi yenyewe. Anapumzika kabla hajachoka kabisa, na anajua siku ya kurudi ziwani.

Ufukweni huohuo kuna watu wasio na mbalamwezi. Ni kina mama wanaonunua dagaa, wanaoanika kwenye chanja na kuuza sokoni, kisha wakirudi nyumbani wanaanza zamu ya pili ya kupika, kufua na kukagua madaftari. Wengi huendesha biashara kwa mkopo. Wenye bahati hukopa kwenye kikundi cha VICOBA ambako wanajuana na wanapangiana. Wengine huangukia ile mikopo ambayo mtaani imepewa jina linalojieleza lenyewe: kausha damu.

Mkopo huo hutolewa haraka, bila maswali mengi, na marejesho yake huwa ya kila siku au kila wiki. Riba ni kubwa. Siku ya rejesho ikifika na hela haipo, mkopeshaji huja kuchukua televisheni, kochi au jiko la gesi mbele ya watoto. Mwingine hukopa kwa huyu ili amlipe yule. Mara nyingi mume hajui, au mke hajui, maana kuna wanaume pia waliokopa kimyakimya. Hofu ya simu kuita inakuwa sehemu ya maisha.

Kwa mtu wa namna hiyo, ushauri wa “punguza mawazo” hausaidii. Mawazo yake yana sababu, na sababu ina tarakimu. Kinachosaidia ni hatua tatu zisizo na mbwembwe.

Ya kwanza ni kuandika kila deni kwenye karatasi: anadaiwa na nani, kiasi gani, lini. Deni likiwa kichwani hukua usiku. Likiwa kwenye karatasi lina mwisho wake.

Ya pili ni kumwambia mtu mmoja nyumbani. Siri ya deni huumiza kuliko deni, kwa sababu mwenye siri hupoteza hata watu ambao wangemsaidia.

Ya tatu ni kuuliza kama mkopeshaji ana leseni. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 iliweka biashara ya ukopeshaji chini ya usimamizi wa Benki Kuu ya Tanzania, kwa hiyo anayekopesha kienyeji na kunyang'anya vitu vya watu anaweza kulalamikiwa. Serikali ya mtaa na ofisi ya maendeleo ya jamii ni pa kuanzia.

Baada ya hapo ndipo pumziko lina maana. Familia ya mchuuzi inaweza kujitengenezea mbalamwezi yake: nusu siku kwa wiki ambayo haina biashara, mama anakaa, baba na watoto wanapika. Mawe makubwa ya Matvilla yaliyopangana juu ya ufukwe hayatozi kiingilio kwa macho, na upepo wa ziwa ni wa wote.

Mwisenge: mtoto na mtihani

Katika mji huohuo ipo Shule ya Msingi Mwisenge. Mwaka 1934, mtoto wa Chifu Burito wa Wazanaki, Kambarage Nyerere, alianza kusoma hapo akiwa na umri wa miaka 12. Nyumbani kwao Butiama ni takribani kilomita 40 kutoka hapo, na shule ilikuwa ya bweni. Mtoto aliyekuwa akichunga mifugo alijikuta ghafla kwenye kengele, madarasa na lugha ngeni. Miaka mitatu baadaye alikwenda mbali zaidi, Tabora.

Watu hupenda kulisimulia hilo kama hadithi ya mafanikio tu. Mzazi anaweza kulitazama kwa jicho jingine: kila mtoto anayeondoka nyumbani kwenda kusoma hubeba kitu kizito kuliko begi. Wapo waliopelekwa bweni wakiwa na miaka sita au saba. Wapo wanafunzi wa sekondari za kata wanaopanga geto karibu na shule kwa sababu nyumbani ni mbali, wakijipikia wenyewe na kulala peke yao wakiwa na miaka 14. Kulingana na WHO, karibu theluthi moja ya matatizo ya afya ya akili huanza kabla ya umri huo, na mengi hayatambuliwi.

Kisha kuna mtihani. Darasa la saba hufanya mtihani wa mwisho Septemba, kidato cha nne Novemba. Miezi kadhaa kabla, nyumba nyingi hubadilika. Kuna masomo ya ziada alfajiri, masomo ya ziada jioni, kambi za kitaaluma, na maneno ya mezani: “Unaona mtoto wa fulani?” Mwalimu naye ana msongo wake, maana wastani wa shule hutazamwa na mkuu wa shule, ofisa elimu na wazazi. Msongo wa mkubwa hushuka kwa mdogo.

Januari 2023, lilipotangaza matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2022, Baraza la Mitihani la Tanzania, NECTA, liliacha utaratibu wa kutangaza shule kumi bora na wanafunzi kumi bora. Uamuzi huo ulizua mjadala. Kwa upande wa afya ya watoto ulikuwa na faida yake: uliondoa ngazi moja ya kulinganishwa. Lakini nyumbani orodha ya kumi bora ingali inatangazwa na mjomba, shangazi na kundi la WhatsApp la wazazi.

Mtoto aliyelemewa hasemi “nina msongo wa mawazo”. Husema tumbo linauma, na huuma zaidi Jumatatu asubuhi. Aliyekuwa ameacha kukojoa kitandani huanza tena. Mchangamfu hunyamaza, mpole huwa mkali. Huacha mpira, huacha marafiki, hulala kupita kiasi au halali kabisa. Maksi zinazoshuka ghafla ni dalili ya kuuliza kabla ya kuadhibu.

Namna ya kuuliza ina uzito. “Umepata ngapi?” ni swali la karani. “Leo shuleni kitu gani kilikuchosha?” ni swali la mzazi. Mtoto asipojibu siku ya kwanza, aulizwe tena wakati mikono ina kazi: wakichambua mchele, wakiosha vyombo, wakitembea kwenda dukani. Watoto wengi huongea kwa urahisi wasipotazamwa usoni.

Usingizi nao si wa kujadili. Wataalamu wa usingizi hupendekeza mtoto wa miaka 6 hadi 12 alale saa 9 hadi 12 kwa siku, na kijana wa miaka 13 hadi 18 alale saa 8 hadi 10. Mtoto anayeamshwa saa kumi usiku kusoma, akalala saa tano, anaibiwa kitu kilekile anachohitaji ili akumbuke alichosoma. Ubongo hupanga masomo wakati wa kulala.

Kwa mtoto wa bweni au wa geto, mzazi ajue jina la mtu mzima mmoja aliye karibu naye: mwalimu wa malezi na unasihi, matroni, mama mwenye nyumba. Ampigie huyo, amsalimie, amuulize. Mtoto naye ajue kwamba akishindwa kabisa anaweza kurudi nyumbani bila kwanza kujieleza.

Bunda: usiku wa kulinda shamba

Barabara ya lami inayotoka Musoma hupita Makutano na Kiabakari, kisha inafika Bunda, mji wa pamba na wa njia panda. Upande mmoja njia inakwenda Kisorya kwenye kivuko cha Ukerewe. Upande wa mashariki ni vijiji vinavyopakana na hifadhi: Kunzugu, Hunyari, Mariwanda, Kihumbu. Ng'ambo yake ni Serengeti na mapori ya akiba ya Ikorongo na Grumeti.

Watalii hulipa fedha nyingi wamwone tembo. Mkulima wa Hunyari humwona bure, usiku, ndani ya mahindi yake. Mtama na mahindi yakianza kukomaa, kundi la tembo linaweza kumaliza shamba kwa usiku mmoja. Kazi ya msimu mzima, ada ya mtoto, chakula cha mwaka, vyote huondoka kabla jogoo hajawika.

Kwa hiyo watu hulala mashambani. Hujenga vibanda, huwasha moto, hupiga madebe, humulika tochi. Wengine huzungushia kamba zilizopakwa pilipili na oili chafu, maana tembo hachukui vizuri harufu ya pilipili. Ni kazi ya hatari, na kuna waliopoteza maisha. Serikali hutoa malipo ambayo majina yake yanasema ukweli wake: kifuta jasho kwa aliyeharibiwa mazao, kifuta machozi kwa aliyejeruhiwa au kufiwa. Si fidia, na anayelipwa anajua kwamba hailingani na shamba.

Madhara mengine hayaandikwi kwenye fomu. Baba anayekesha wiki tatu anarudi asubuhi akiwa na macho mekundu, halafu anatakiwa alime mchana. Mama anabaki nyumbani akisikiliza kila kelele. Mtoto wa kiume anayechukuliwa kusaidia kulinda anasinzia darasani, na anachapwa kwa kusinzia. Mwili uliokosa usingizi hauwezi kupima mambo: tatizo dogo huonekana mlima, neno la kawaida huwa tusi. Ugomvi wa ndani ya nyumba katika msimu huo mara nyingi chanzo chake ni uchovu.

Wanaofanikiwa kuumaliza msimu bila kuvunjika hukesha kwa zamu. Majirani watatu au wanne wenye mashamba yanayopakana hugawana usiku: wawili macho, wawili wamelala, kesho wanabadilishana. Kwenye moto ule watu huzungumza. Habari za mkopo, za mtoto aliyefeli, za mke aliyerudi kwao, husemwa gizani ambako hakuna anayemtazama mwenzake machozi.

Hilo la mwisho ni kubwa kuliko linavyoonekana. Mwanaume wa Mara hulelewa akiambiwa kwamba mwanaume halii. Anaweza kusema mguu unauma, hawezi kusema moyo unauma. Duniani kote wanaume hufa kwa kujiua zaidi ya wanawake, na ukimya ni sehemu ya sababu. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua. Moto wa shambani ni mahali pachache ambapo mwanaume huruhusiwa kusema bila kuitwa dhaifu.

Mzazi wa mjini hana tembo, lakini ana zamu za usiku, bodaboda hadi saa sita, duka linalofungwa saa nne, mtoto mchanga anayelia. Somo la Bunda linamfaa: asikeshe peke yake kila siku. Usiku ugawanywe. Mke na mume wapangiane nani anaamka leo na nani anaamka kesho, na anayelala alale kweli, simu ikiwa mbali.

Butiama: bao, miguu na kukaa na watu

Kutoka Bunda kurudi hadi Makutano, njia ya kulia inapanda kuelekea Butiama. Hewa inabadilika kidogo. Kuna mawe, miti, nyani, na Mwitongo, alipozikwa Mwalimu Julius Nyerere Oktoba 23, 1999, siku tisa baada ya kufariki London. Makumbusho yapo jirani.

Wageni huja kuona kaburi na vitu vya kiongozi. Mwenye watoto anaweza kuwaonyesha jambo jingine pia: namna mtu mwenye kazi nzito alivyopanga maisha yake. Mwalimu alicheza bao. Alilima shamba lake Butiama. Kati ya shughuli za Ikulu alitafsiri tamthilia za William Shakespeare kwa Kiswahili, Juliasi Kaizari mwaka 1963 na Mabepari wa Venisi mwaka 1969. Alikuwa na kazi za mikono na za akili ambazo hazikuwa kazi za ofisi.

Tena alitembea. Oktoba 1967, kuunga mkono Azimio la Arusha, alikwenda kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza kwenye mkutano wa TANU, zaidi ya kilomita 200, akiwa na watu njiani. Yalikuwa matembezi ya siasa. Lakini daktari yeyote leo angependa mwenye mawazo aige sehemu yake ndogo: dakika 30 za kutembea, siku nyingi za wiki, ikiwezekana na mtu mwingine. Kutembea hushusha homoni za msongo, huboresha usingizi na hugharimu viatu tu.

Butiama, kama kwingine Mara, kuna pia desturi ya kukaa na aliyefiwa. Msibani watu hawaendi kutoa hotuba. Wanakwenda kukaa. Wanapika, wanachota maji, wanalala uani, wanasimulia habari za marehemu hadi mwenye msiba anaanza kucheka kidogo katikati ya machozi. Hakuna anayemwambia “jikaze” na kuondoka. Mtu aliyepoteza kazi, aliyeachika au aliyefeli mtihani naye amefiwa na kitu, ila yeye hawekewi turubai wala viti.

Zimbabwe waliamua kuweka kiti hicho. Mwaka 2006, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianza mradi wa Benchi la Urafiki katika eneo la Mbare, Harare. Alikuwa amempoteza mgonjwa kijana aliyejiua baada ya familia kukosa nauli ya kumfikisha hospitali. Aliwafundisha bibi 14 wa mtaani kusikiliza, akawawekea mabenchi ya mbao nje ya zahanati. Mwenye mawazo huja, hukaa na bibi, hutaja matatizo yake yote. Bibi hamwambii la kufanya. Humsaidia kuchagua tatizo moja, kisha hatua moja ndogo inayowezekana wiki hiyo, kisha arudi aseme imekuwaje.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 uliwalinganisha watu waliokaa kwenye benchi na waliopata huduma ya kawaida. Baada ya miezi sita, waliobaki na dalili za sonona katika kundi la benchi walikuwa kama asilimia 14. Katika kundi jingine walikuwa karibu nusu. Huduma hiyo imeshavuka mipaka na kufika hadi Zanzibar.

Kila kata ya Mara ina bibi wa namna hiyo na ina kivuli cha mwembe. Kinachohitajika ni kumsikiliza mtu bila kumhukumu, kumpa muda na kutunza siri.

Wakati wa kutafuta msaada

Kuzungumza nyumbani kuna mpaka wake. Mtu akiwa na huzuni, wasiwasi au kukosa hamu ya maisha karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi, akashindwa kazi, masomo au kuhudumia watoto, anahitaji mhudumu wa afya. Aanze zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, na akihitaji zaidi atapewa rufaa hadi hospitali ya wilaya au Hospitali ya Rufaa ya Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere, Kwangwa, Musoma. Sonona hutibika, kwa mazungumzo, kwa dawa au kwa vyote viwili. Kwenda hospitali hakumzuii mtu kuomba kanisani au msikitini.

Akisema amechoka kuishi, asiambiwe anatafuta huruma. Aulizwe waziwazi kama anafikiria kujiua. WHO inasisitiza kwamba swali hilo halimpandikizii mtu wazo. Mara nyingi humpa nafasi ya kupumua. Asiachwe peke yake, apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo. Nyumbani, dawa za hospitali na viuatilifu vya pamba vifungiwe mbali, ufunguo akae nao mtu mwingine.

Kituo cha simu cha Wizara ya Afya kinapatikana kwa namba 199 bila malipo. Kwa mtoto aliye katika shida yoyote, au mtu mzima anayemwona mtoto wa namna hiyo, namba ni 116, nayo ni bure. Ofisa ustawi wa jamii wa halmashauri na dawati la jinsia na watoto polisi wapo pia kwa mtoto anayeumizwa.

Oktoba 10 kila mwaka ni Siku ya Afya ya Akili Duniani. Siku nne baadaye ni Nyerere Day, shule na ofisi zimefungwa. Ni siku nzuri kwa familia kutembea pamoja kidogo, bila daftari na bila kulinganishwa na mtoto wa jirani, na kila mmoja kwa zamu yake, mkubwa na mdogo, aseme jambo moja lililomlemea mwaka huu. Baba aanze.